Asiyesoma Hawezi Kucheka

Zipo njia nyingi za kupima kama mtu amekisoma kitabu anachodai kukisoma. Walimu hutumia maswali, watahini hutumia karatasi, na wazazi hutumia bei waliyolipia dukani. Mimi, baada ya miaka mingi ya kufundisha isimu katika chuo kikuu, nimeamini kwamba kipimo kisichodanganya ni mzaha. Mfanyie mtu mzaha kuhusu kitabu hicho, kisha umtazame usoni. Aliyekisoma atacheka kabla hujamaliza. Aliyekipitia juu juu atakuuliza una maana gani. Na yule ambaye hakukifungua kabisa atacheka kwa sababu wenzake wamecheka, tena atachelewa kidogo.

Imani hii sikuipata katika kitabu cha nadharia. Niliipata katika filamu moja ya kuchekesha ambayo naipenda kuliko zote nilizowahi kuona, nayo ni Love and Death, yaani Mapenzi na Mauti, iliyotolewa mwaka 1975. Woody Allen wa New York aliitunga, akaiongoza, na akaigiza humo kama Boris Grushenko, kijana mwoga wa Kirusi. Kando yake alikuwa Diane Keaton, mwigizaji aliyetuaga Oktoba 2025, akiwa Sonja, binamu wa mbali ambaye Boris anampenda kwa dhati na ambaye yeye anampenda mtu mwingine. Filamu yenyewe haifiki dakika tisini. Ilipigwa Hungaria na Ufaransa, na mwaka huo huo ilitunukiwa Dubu wa Fedha katika tamasha la filamu la Berlin. Yanayosimuliwa yanatukia Urusi mwanzoni mwa karne ya 19, wakati majeshi ya Napoleon yalipokuwa yakiitikisa Ulaya.

Hadithi yake ni fupi kuisimulia. Boris yumo gerezani akingoja kuuawa alfajiri, na anatueleza jinsi alivyofika hapo. Alilazimishwa kwenda vitani ilhali hapendi hata kukemewa. Vitani akajificha ndani ya mzinga, mzinga ukalipuka naye ndani, akaruka angani na kuangukia hema la majenerali wa Kifaransa. Hivyo akarudi nyumbani akiwa shujaa mwenye nishani. Baada ya kupigana kwa bastola na bwana mmoja kwa ajili ya mwanamke, akamwoa Sonja, ambaye wakati huo alikuwa mjane wa mfanyabiashara wa samaki. Hatimaye mke na mume wanapanga kumuua Napoleon mwenyewe, na mpango huo ndio unaomfikisha Boris katika chumba cha wanaongoja kifo. Mwisho wake Mauti, aliyevaa joho jeupe, anaondoka naye wakicheza ngoma njia nzima.

Niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa mwanafunzi jijini Nairobi, katika kanda ya video iliyokuwa imechakaa hata picha zikawa zinatetemeka kama zilizopata homa. Tulikuwa vijana wapatao kumi katika chumba kimoja cha bweni. Wawili kati yetu walikuwa wamesoma riwaya za Kirusi kwa pupa, maana siku hizo vitabu vya bei nafuu vilivyochapishwa Moscow, vingi kwa Kiingereza na vichache kwa Kiswahili, vilikuwa bado vinapatikana kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu barabarani. Wawili hao walicheka hadi wakashika mbavu. Sisi wengine tulicheka pale mtu alipoanguka au kupigwa kofi. Nakumbuka vyema wivu ulionishika usiku ule. Niliona wazi kwamba tulikuwa tumekaa mbele ya runinga moja lakini wenzetu wanatazama filamu nyingine, tena iliyo nzuri zaidi. Juma lililofuata nikaanza kusoma Uhalifu na Adhabu.

Nimeitazama tena mara nyingi tangu hapo, na kila riwaya niliyoimaliza imenifungulia kichekesho kipya. Hebu nitoe mifano michache, maana bila mifano msomaji anaweza kudhani nasifu ujinga.

Mfano wa kwanza ni vita. Katika filamu tunaonyeshwa majeshi yakikabiliana, moshi ukitanda, wanaume wakianguka, na mchuuzi akipita katikati yao akinadi vyakula kana kwamba yuko katika uwanja wa kandanda. Kisha kamera inapanda mlimani waliko majenerali, na kutoka huko juu vita vile vinaonekana kuwa kundi la kondoo linalokimbia huku na huku. Asiyemsoma Tolstoy atacheka kwa sababu kondoo wanachekesha. Aliyemsoma atakumbuka kwamba katika Vita na Amani, riwaya iliyotoka kati ya 1865 na 1869, mwandishi huyo anarejelea hoja moja bila kuchoka: kwamba majenerali hawajui kinachotendeka uwanjani, kwamba amri zao hufika zimechelewa au hazifiki kabisa, na kwamba wale tunaowaita mashujaa aghalabu wamesukumwa tu na mkondo. Tolstoy alitumia mamia ya kurasa kuieleza hoja hiyo. Allen ameieleza kwa sekunde chache za kondoo. Na Boris anayetupwa na mzinga kisha akavishwa nishani, je, si ushahidi ule ule wa Tolstoy uliopakwa rangi ya mzaha?

Mfano wa pili ni wa Napoleon na bastola. Boris anasimama juu ya mtu anayemdhania kuwa Napoleon, ambaye amezirai sakafuni, na badala ya kufyatua risasi anaanza kujadiliana na nafsi yake. Anapanga hoja za kimantiki, moja juu ya nyingine, mpaka mantiki yenyewe inaanguka kama mnara wa vikombe. Hapa wanaoijua Uhalifu na Adhabu huanza kujikunakuna vitini. Raskolnikov, mwanafunzi maskini wa Dostoevsky, alimuua bibi mkopeshaji kwa shoka kwa sababu alitaka kujua kama yeye ni mtu wa kawaida au ni Napoleon, mtu aliye juu ya sheria. Katika filamu, nadharia hiyo imepinduliwa kichwa chini miguu juu: anayepaswa kuuawa ndiye Napoleon, na mwenye silaha amezidiwa na dhamiri hata hawezi kumdhuru nzi. Ni vyema tukumbuke pia kwamba mwaka 1866 jarida moja la Kirusi lilikuwa likichapisha kwa mfululizo Uhalifu na Adhabu pamoja na sehemu za mwanzo za Vita na Amani. Msomaji wa jarida hilo aliwapata Napoleon wote wawili katika toleo moja, yule wa Tolstoy aliye mdogo kuliko sifa zake, na yule wa Dostoevsky aliye ugonjwa katika kichwa cha kijana. Allen amewakutanisha tena baada ya zaidi ya miaka mia moja.

Mfano wa tatu unagusa moyo zaidi. Usiku wa mwisho gerezani malaika anamtokea Boris na kumhakikishia kwamba atasamehewa dakika ya mwisho. Asubuhi Boris anakwenda mbele ya bunduki akiwa mchangamfu kama bwana arusi, na anauawa. Kichekesho hicho kina uchungu ndani yake, kwa maana tarehe 22 Desemba 1849, kwa kalenda ya Urusi ya wakati ule, Dostoevsky mwenyewe aliletwa katika uwanja wa Semyonovsky jijini St. Petersburg ili apigwe risasi. Watatu wa kwanza walikuwa wamekwisha kufungwa nguzoni, naye alikuwa katika kundi la pili, msamaha wa mfalme ulipotangazwa. Akapelekwa gerezani Omsk, Siberia, miaka minne. Fasihi yake yote iliyofuata ina kivuli cha dakika zile. Mtunzi wa filamu ameichukua ahadi iliyotimia katika maisha ya Dostoevsky, akaifanya isitimie katika maisha ya Boris. Anayejua habari ya 1849 hucheka, kisha akanyamaza.

Mifano mingine nitaipita kwa haraka. Kuna mazungumzo ambamo Sonja na binamu yake wanasimuliana nani anampenda nani, na mnyororo unakuwa mrefu hata hakuna anayependwa na ampendaye. Huo ni mnyororo wa Chekhov katika tamthilia yake ya Shakwe. Kuna baba anayejivunia shamba lake, shamba lenyewe likiwa bonge la udongo analolibeba ndani ya koti. Hapo mabwanyenye wote wa riwaya za Kirusi wamekamilika. Na kuna mahali ambapo Boris na babake wanapiga gumzo gerezani juu ya majirani zao, na majirani hao wote ni majina ya vitabu na wahusika wa Dostoevsky, yakiwa yamepenyezwa katika umbea wa kawaida wa kijijini. Mwalimu wa isimu hawezi kuomba zawadi kubwa kuliko hiyo. Hata kichwa cha filamu ni mzaha wa kisarufi: nomino mbili nzito zilizounganishwa kwa "na," kama Vita na Amani, kama Uhalifu na Adhabu, kama Baba na Wana cha Turgenev. Sisi tuliolelewa na Adili na Nduguze cha Shaaban Robert tunaijua ladha ya vichwa vya namna hiyo.

Lakini jambo linalonistaajabisha kuliko yote limo katika muziki. Filamu yote imepambwa kwa muziki wa Sergei Prokofiev, hasa ule alioutunga kwa ajili ya filamu ya Kisovieti ya 1934 iliyohusu Luteni Kijé. Hadithi ya luteni huyo iliandikwa na Yury Tynyanov na kutoka mwaka 1928, nayo ni hadithi ambayo kila mwanafunzi wa isimu angepaswa kuijua. Karani mchanga anayenakili amri ya mfalme Pavel wa Kwanza anakosea mahali pa kukata maneno. Silabi ya mwisho ya neno lenye maana ya maluteni inaungana na chembe ndogo ya mkazo inayofuata, na papo hapo linazaliwa jina la mtu: Luteni Kijé. Mfalme anatia sahihi. Nani atathubutu kumwambia mfalme kwamba ametia sahihi kosa? Basi Kijé anapewa zamu ya ulinzi, anaadhibiwa kwa viboko, anapelekwa Siberia huku askari wakisindikiza hewa tupu, anarudishwa, anaozwa, anapandishwa cheo hadi jenerali, anakufa na kuzikwa kwa heshima zote za kijeshi. Wakati huo huo luteni mwingine, aliye hai na mwenye afya, ameandikwa kimakosa kuwa amekufa, na hakuna awezaye kumrejeshea uhai.

Sisi Wakenya hatuhitaji kufafanuliwa hadithi hiyo. Tunawajua wafanyakazi hewa wanaopokea mishahara bila kuwa na miili, na tunajua masaibu ya raia anayeambiwa dirishani kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu yeye hayupo. Tynyanov aliandika juu ya Urusi ya mwishoni mwa karne ya 18, lakini karani wake tunamfahamu kwa sura.

Naam, Tynyanov huyo huyo ndiye aliyekuwa mmoja wa wananadharia wakuu wa fasihi wa zama zake, na mwaka 1921 alichapisha utafiti juu ya Dostoevsky na Gogol ambao hadi leo ni msingi wa nadharia ya mwigo wa kejeli. Sijui kama Woody Allen aliufikiria uhusiano huo alipochagua muziki, wala si muhimu. Mwigo maarufu kabisa wa fasihi ya Kirusi unatembea, kutoka mwanzo hadi mwisho, juu ya wimbo uliozaliwa na hadithi ya mtu aliyetufundisha mwigo ni nini.

Alitufundisha nini? Alionyesha kwamba Dostoevsky, katika riwaya yake fupi ya 1859 kuhusu kijiji cha Stepanchikovo, alimuumba mnafiki aitwaye Foma Opiskin ambaye hotuba zake zinaiga kwa kejeli kitabu cha mawaidha cha Gogol, kilichotoka 1847. Sasa tazama ajabu ya mambo. Miongoni mwa makosa yaliyompeleka Dostoevsky mbele ya bunduki mwaka 1849 ni kusoma hadharani barua ya mhakiki Belinsky iliyokishambulia kitabu hicho hicho cha Gogol. Aliporudi kutoka kifungoni hakuandika shambulio jingine. Aliandika mzaha. Na huyo aliyemfanyia mzaha ndiye aliyekuwa mwalimu wake, ambaye sentensi zake alizijua kwa moyo. Huwezi kuiga mwendo wa mtu usiyemtazama kwa makini, na kwa kawaida tunamtazama kwa makini yule tunayempenda au tunayemwogopa. Mwanafunzi anayetaka kusimama kwa miguu yake hana budi kumcheka mwalimu wake siku moja, na mwalimu mwenye busara hungoja siku hiyo kwa furaha.

Haya si mageni kwetu. Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu walipojibizana mwanzoni mwa karne ya 19, kila mmoja aliyashika maneno ya mwenzake, akayageuza, akamrudishia yakiwa na makali upande wa pili. Malumbano ya washairi katika magazeti yetu yameishi kwa desturi hiyo, na anayejibu bila kufuata bahari na vina vya mwenzake huonekana ameshindwa kabla ya hoja yake kupimwa. Utani wa makabila na wa mababu kwa wajukuu una kanuni ile ile: humtanii mtu usiyemjua.

Na katika fasihi yetu ya kisasa ninao mfano ninaoupenda sana, nao ni tamthilia ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Kaptula la Marx, iliyochapishwa 1999. Kichwa chenyewe tu ni somo zima la sarufi. Msemaji wa kawaida angesema kaptula ya Marx. Kwa kubadili kiunganishi kimoja tu, Kezilahabi ameivuta nguo hiyo hadi katika ngeli ya ukubwa, ikawa kaptula pana lisilomfaa aliyelivaa. Kwa herufi moja, siasa ya miaka mingi imekwisha kuhakikiwa kabla pazia halijafunguliwa. Lakini nani atacheka? Ni yule anayejua ngeli zake, na anayejua Ujamaa ulikuwa nini na ulitarajiwa uwe nini. Kwa mwingine yeyote, hilo ni vazi tu.

Hata Urusi yenyewe haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Tamthilia ya Gogol ya 1836 inasomeka kwa Kiswahili, ikiwa imetafsiriwa na Christon Mwakasaka kwa jina la Mkaguzi Mkuu wa Serikali, na maafisa wake wanaohangaika kuficha uozo kabla mgeni hajafika wangeweza kupewa ofisi katika mji wetu wowote bila kushangaza mtu. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o aliikamilisha riwaya yake Petals of Blood mwaka ule ule wa 1975, akiwa mgeni wa waandishi wa Kisovieti huko Yalta, mji ambao Chekhov aliishi katika miaka yake ya mwisho. Kwa hiyo wakati Mmarekani mmoja alipokuwa akiwachekesha watu kwa kutumia Warusi, Mkenya mmoja alikuwa pwani ya Bahari Nyeusi akimalizia kitabu cha kutuliza. Wote wawili walikuwa wamesoma.

Sasa nifike pale ninapotaka kufika. Wasiwasi wangu ni kwamba tunalea kizazi ambacho hakitaweza kucheka wala kulia pamoja na waandishi, kwa kuwa hakikutani nao. Katika madarasa yetu kitabu cha fasihi kimegeuzwa kuwa kisingizio cha mwongozo. Mwanafunzi hununua mwongozo kabla ya kununua riwaya, na wengine hawainunui riwaya kabisa. Mwongozo humpa orodha ya maudhui, sifa za wahusika, na mbinu za lugha pamoja na namba za kurasa. Siku hizi hata mwongozo umeonekana kuwa mrefu, na kuna programu za akili unde zinazotoa muhtasari wa riwaya nzima kabla chai haijapoa. Mwanafunzi huyo anaweza kukwambia kwamba mwandishi ametumia kinaya, akataja na ukurasa, ilhali kinaya chenyewe hakikumgusa hata kope.

Siwalaumu watoto. Mtihani ukiuliza orodha, mwenye akili atakariri orodha. Wala siwalaumu walimu wenye wanafunzi sitini darasani na vitabu ishirini. Lakini lazima tuseme ukweli kuhusu kinachopotea.

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa mwaka wa pili zoezi moja. Nawaambia wachague mwandishi yeyote wa Kiswahili waliyemsoma shuleni, kisha waandike ukurasa mmoja kwa mtindo wake kuhusu jambo dogo la mtaani. Mwaka mmoja binti mmoja alieleza jinsi utingo wa matatu alivyomnyima chenji yake ya shilingi ishirini, akaandika kwa sauti ya Shaaban Robert: sentensi ndefu zenye mizani, sifa za utingo zikipangwa mbili mbili kama askari wa gwaride, na kila aya ikiishia na wosia kwa walimwengu juu ya uovu wa tamaa. Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Kisha tukaketi saa nzima tukieleza ni kwa nini tumecheka, na katika saa hiyo tulijifunza zaidi juu ya sintaksia ya Shaaban Robert, vivumishi vyake, na imani yake kwamba lugha nzuri humfanya mtu kuwa mwema, kuliko ambavyo ningefundisha kwa mihadhara mitatu. Yule binti alikuwa amekisoma Kusadikika mara nne.

Katika darasa hilo hilo wapo walioniletea karatasi zenye vichwa vidogo: maudhui, dhamira, mafunzo. Sikuwa nimeomba hayo. Waliandika hivyo kwa kuwa hawakuwa na kingine. Walikuwa wamesoma miongozo tu, na mwongozo hauna mtindo wa kuigwa. Baadhi yao walikuwa wamepata alama A katika mtihani wa kitaifa. Nilisikitika, kwa sababu vijana hao si wavivu. Walifanya yote waliyoambiwa, na mwishowe wakaachwa nje ya mlango wa nyumba waliyoilipia kodi.

Najua watakaopinga. Wa kwanza watasema kwamba kumfanyia Shaaban Robert mzaha ni utovu wa adabu, na kwamba vijana wetu wana dharau ya kutosha bila kuongezewa. Nawajibu kwamba dharau ya kweli ni kumtaja mtu katika karatasi ya mtihani bila kumsikiliza. Dostoevsky hakumshusha Gogol hadhi alipomwiga, na sina shaka kwamba filamu ya Allen imewapeleka watu wengi kwa Tolstoy, nikiwamo mimi. Wa pili watasema kwamba nchi ina shida kubwa kuliko kucheka. Hao nawakumbusha kwamba watawala wabaya wa kila zama wamewaogopa wachekeshaji, na hawakuwaogopa bure. Raia aliyezoezwa kutambua sauti ya mnafiki katika kitabu ataitambua pia jukwaani wakati wa kampeni. Foma Opiskin hajawahi kukosa nafasi ya kugombea. Wa tatu, na hao ndio ninaowaheshimu zaidi, watasema kwamba mwalimu hawezi kusahihisha mzaha kwa kalamu nyekundu. Ni kweli, ni vigumu. Lakini ni vigumu pia kuuiba mtandaoni, na katika siku hizi hiyo si sifa ndogo.

Mtaala mpya wa umilisi unatupa nafasi ambayo tusipoitumia tutajuta. Katika shule za sekondari pevu, Fasihi ya Kiswahili imepangwa kuwa somo ambalo mwanafunzi hulichagua mwenyewe. Wapo wanaoogopa kwamba wachache watalichagua. Hofu hiyo ninaielewa, lakini swali langu ni jingine: hao watakaolichagua tutawapa nini? Tukiwapa orodha zile zile, watakuwa wachache na wenye kuchoka. Tukiwapa vitabu vyenyewe, muda wa kuvisoma, na ruhusa ya kucheza navyo, wataongezeka. Nashauri kwamba katika tathmini za shuleni kila mwanafunzi wa fasihi aandike walau mwigo mmoja kwa mwaka wa kazi aliyoisoma, ushairi au nathari, na aeleze kwa maneno yake ameiga nini na kwa nini. Maktaba za kaunti nazo zipewe tafsiri zilizokwisha kufanywa, Gogol wa Mwakasaka akiwa miongoni mwazo, badala ya kuziacha zioze ghalani. Na wachapishaji wafikirie tena kazi ya kutafsiri. Ni aibu kwamba msemaji wa Kiswahili hulazimika kupitia Kiingereza ili amfikie Tolstoy.

Kuhusu filamu yenyewe, ninaendelea kuitazama walau mara moja kwa mwaka, kwa kawaida mwezi wa Desemba nikimaliza kusahihisha mitihani. Bado kuna mizaha humo ambayo sijaielewa, na hilo linanifurahisha. Maana yake ni kwamba bado kuna vitabu ambavyo sijavisoma.